Dakika Arobaini

Kwenye tiketi wameandika hivyo:
Inverness hadi Stornoway, dakika arobaini.
Binti wa kaunta nikamuuliza umbali,
akatazama dari kama anayekumbuka deni,
akasema kilomita mia na hamsini na kitu,
ndege isipokuwa na sababu ya kupinda.

Mia na hamsini na kitu.
Kwetu hiyo ni Bukoba na Biharamulo,
unafika chapati ya njiani haijapoa.

Lakini mimi nina hesabu yangu.
Tiketi ile ni zamu mbili na nusu za ghala,
magunia ya chakula cha mbwa, kilo kumi na tano kila moja,
tangu saa nne usiku mpaka mabega yaseme basi.
Kwa rubani ni dakika arobaini.
Kwangu ni saa ishirini za kuinama,
na hapo sijanunua ya kurudi.

Leokadia anazalisha kinamama huko kisiwani
tangu Agosti, mkataba wa mwaka.
Mugisha yuko naye. Ana miaka sita,
anahesabu kwa Kigaeli mpaka sita,
akifika saba anakwama, anaazima ya Kihaya.

Novemba. Mama mkwe katuma senene.

“Nini hiki?” akauliza mzee wa mashine,
ameliinua kopo kwenye mwanga.
Panzi, nikasema. Wamekaangwa, wana chumvi.
Akanitazama mimi, akatazama kopo, akamwita mwenzake,
mwenzake akamwita wa tatu,
wakalipitisha kopo mara mbili
kana kwamba senene wangeruka tena bila kibali,
hawa walionyonyolewa mbawa na bibi yake Mugisha,
mmoja mmoja, redio ikiwa wazi.

Ndege ya pangaboi. Kiti cha tano.
Pembeni yangu Murdo, katoka kufanyiwa jicho,
limefunikwa pamba nyeupe.
Dakika ya kumi, milima.
Dakika ya ishirini, bahari, nyeusi kama kikaango.
Chai kwenye kikombe cha karatasi, nusu yake suruali yangu.
Dakika ya thelathini na tano, hakuna kitu.
Murdo akaligeuza jicho lake zima dirishani.
“Limekaa,” akasema,
kama anayemtaja mgeni asiyejua kuaga.

Tukazunguka. Tukazunguka tena.

Chini, Leokadia alinisimulia baadaye,
alisimama penye magari, Mugisha begani,
mtoto ananyooshea kidole wingu tupu:
“Mama, nasikia baba ananguruma.”

Hapo ndipo umbali ulipokuwa mdogo kuliko wote.
Siyo mia na hamsini.
Mita mia kadhaa, za kwenda chini tu,
unene wa blanketi lililolowa.
Ningeliachia kopo, lingewafikia.

Kisha rubani akakohoa kwenye spika
na bawa la kushoto likainama kuelekea nilikotoka.

Kilomita mia tatu na zaidi,
saa nzima na nusu angani,
nikashuka ngazi ileile niliyoipanda.
Kama kuna mtu anajua mwendo huo unaitwaje
aniambie. Murdo alisema tu, “Jumatatu,”
akaenda kutafuta chai nyingine.

Mzee wa mashine alikuwa anavaa koti.
“Panzi wamerudi,” akasema, wala hakucheka.
Nikafungua kopo.
Akachukua mmoja, akamweka ulimini kama kidonge,
akatafuna amefumba macho.
Akachukua wa pili.

Begi liko mlangoni. Sijalifungua.
Kile kikaratasi chenye jina la Stornoway
bado kimening’inia kwenye mpini,
kila nikipita kinanigusa goti.

Usiku Mugisha akapiga.
“Baba, ulifika wapi?”
Nikafikiri.
“Juu yako.”
Akanyamaza, nikasikia upepo wao kwenye dirisha lao.
“Kesho ufike chini,” akasema,
akampa mama yake simu.

Kesho nina zamu.